Kumhamishia mtoto shule mpya katikati ya mwaka

Swali: Ndugu majirani, tumehamia mtaa huu hivi karibuni, na binti yetu mwenye umri wa miaka 8 hana budi kuanza shule nyingine kabla mwaka wa masomo haujaisha. Naomba ushauri: nitaipimaje shule nisiyoijua?

Jibu: Karibuni sana. Nenda asubuhi wanafunzi wanapoingia, kisha urudi wanapotoka, kwa sababu namna walimu wanavyowapokea na kuwaaga watoto itakueleza mengi kuliko matokeo ya mitihani yaliyobandikwa ukutani. Uliza pia darasa lina wanafunzi wangapi na walimu hudumu hapo kwa muda gani. Shule inayobadilisha walimu kila muhula mimi huiogopa.

Jibu: Naafiki, ila umbali usiupuuze. Mwanangu wa kwanza nilimpeleka shule nzuri ya mbali, akawa anasinzia darasani.

Jibu: Andaa mapema barua ya uhamisho, ripoti za maendeleo na kadi ya chanjo. Sisi tulicheleweshwa wiki mbili kwa kukosa barua tu.

Muulizaji: Asanteni. Je, sare na vitabu ninunue sasa?

Jibu: Subiri orodha ya shule. Mimi niliharakisha, vitabu vikabaki kabatini.