Sarafu ya Mjerumani ya rupia mbili (1893) na riale ya Maria Theresa: nikague nini kabla ya kulipa?

Mpenda_Heller
Wakuu, habari zenu. Kuna muuzaji ana sarafu ya Mjerumani ya rupia mbili ya 1893, pamoja na riale ya Maria Theresa ya 1780. Anasema ni madini ya fedha tupu kwa sababu sumaku haizishiki. Nikikutana naye nikague nini hasa?

Mizani_Ndogo
Mkuu, sumaku inakamata feki za chuma tu. Shaba, risasi na shaba-nikeli hazivutwi na sumaku, na feki nyingi ni za madini hayo.

Nenda na mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01. Rupia mbili ina gramu 23.32, rupia moja 11.66, zote fedha ya 917 (yaani sehemu 917 kati ya 1,000 ni fedha halisi). Kipenyo cha rupia mbili ni milimita 35. Iliyotumika sana hupungua kidogo, lakini inayozidi uzito wake achana nayo.

Uzito ukikubali, pima kwa maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni, izamishe yote bila kugusa chini wala ubavu wa glasi, kisha soma. Rupia mbili ya kweli itakupa karibu gramu 2.26. Ukiona 2.6 hiyo ni shaba-nikeli. Angalia viputo vya hewa vinavyong'ang'ania kwenye maandishi: vinaongeza namba na kuifanya sarafu ya kweli ionekane feki. Tikisa uzi vitoke. Uzi wa pamba nao unanyonya maji, usiutumie.

Ukingo_Kwanza
Mimi ningeanza na ukingo, maana wanunuzi wengi hutazama uso wa Kaiser (mfalme wa Ujerumani) tu. Feki ya kumimina kwenye kalibu huacha mstari wa maungio ukingoni, au alama za tupa pale mstari ulipofutwa. Madini yakipoa husinyaa, kwa hiyo kipenyo huwa pungufu kidogo. Kwa lenzi ya 10x (inayokuza mara kumi) utaona vishimo vidogo kwenye sehemu tambarare, na herufi zenye mabega ya mviringo badala ya kusimama wima.

Feki za kugongwa kwa mashine ni ngumu zaidi, hazina vishimo. Hapo tafuta picha za sarafu nyingine za mwaka huohuo zinazouzwa: mkwaruzo uleule, mahali palepale, kwenye sarafu mbili tofauti maana yake zote zimetoka kwenye muhuri mmoja wa feki. Mwaka nao uangalie. Rupia mbili zilitoka 1893 na 1894 basi. Akikuletea ya 1901, hata mizani usiitoe mfukoni.

Riale_na_Pesa
Nazungumzia riale. Mwaka 1780 hauonyeshi umri wake. Maria Theresa, malkia wa Austria, alifariki mwaka huo, na riale ziliendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo Vienna, na baadaye Roma, London, Paris, Bombay na kwingineko. Inaweza kuwa ya fedha halisi kabisa na bado ni ya karne ya 20. Kwa hiyo usilipe bei ya "miaka 240". Anza hesabu na thamani ya fedha iliyomo, karibu gramu 23.4. Uzito wake ni gramu 28.07, fedha ya 833, kwenye maji isome karibu gramu 2.75. Ukingoni kuwe na maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka. Yakiwa yamechimbwa ndani, au kuna vijistari tu, ni feki.

Mpenda_Heller
Asanteni sana. Muuzaji anasema maji yataharibu sarafu, ila yuko tayari tutumie asidi.

Mizani_Ndogo
Kinyume chake, mkuu. Maji safi hayadhuru fedha, ukikausha kwa kugandamiza kitambaa laini bila kusugua. Asidi ndiyo inayoacha doa, na feki iliyopakwa fedha nene inafaulu mpaka uichimbe kwa tupa. Mwambie mkutane dukani kwa sonara, mizani ya pale itumike.