Kikundi: WAJUKUU WA BIBI MUHEZA

Da Mwanaisha, 06:12
Assalaam aleykum wote. Zuhura jana kapimwa wingi wa damu kliniki, imetoka 9. Mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Vidonge kapewa na anameza. Sasa nataka mapera. Nani anakuja Dar kutoka Muheza wiki hii?

Da Mwanaisha, 06:31
Naona tiki za bluu. Jibuni.

Hamisi, 07:40
Waaleykum salaam. Muheza yote machungwa, dada unatafuta mapera 😂

Da Mwanaisha, 07:42
Hamisi, chungwa gramu 100 lina vitamini C miligramu 50 na ushee. Pera linapita 200. Na Zuhura nyama haioni tangu mimba ianze, ni mchicha na maharage tu. Madini ya chuma ya kwenye mboga na maharage mwili unayapata kwa taabu, vitamini C ndiyo inayosaidia yaingie. Kwa hiyo pera alile hapohapo na chakula, siyo usiku akiwa kitandani.

Mama Ayman, 08:05
Si mumpe juisi ya bitiruti na soda nyekundu? Mimi ndiyo niliyokunywa kwa Ayman

Da Mwanaisha, 08:06
Mdogo wangu, wekundu wa soda si damu. Ni sukari na rangi. Bitiruti ale, soda aache. Na hiyo chai ya rangi! Anakula maharage anashushia chai, kidonge anameza kwa chai. Chai inayashika yale madini, yanatoka bure. Zuhura, kidonge meza kwa maji.

Zuhura, 09:15
Da Mwanaisha bila chai asubuhi natapika 😭

Da Mwanaisha, 09:15
Sijakukataza. Kula saa mbili, chai kunywa saa nne.

Juma Arusha, 09:50
Mbegu zitaota tumboni, atajifungua mpera 😂😂

Hamisi, 09:51
😂😂😂 mtoto aitwe Maperani

Da Mwanaisha, 09:58
9 siyo ya kuchekea. Ya Mama Mdogo mnayakumbuka wote.

Mama Ayman, 11:20
Ila si ndiyo hayo mapera yaliyomfunga choo Baba Mkubwa?

Da Mwanaisha, 11:21
Baba Mkubwa alikula ndoo nzima, tena mabichi. Zuhura ale yaliyoiva, mawili matatu kwa siku, ayaoshe vizuri na asimenye, maganda yana vitamini nyingi. Wala msimchemshie, moto unaiua. Tungekuwa na mpera wetu pale uani nisingemsumbua mtu.

Mjomba Athumani, 12:31
Naona nasemwa.

Da Mwanaisha, 12:32
Shikamoo mjomba. Sijataja jina.

Mjomba Athumani, 12:36
Marahaba. Mizizi ilikuwa inapasua ukuta wa banda. Nimeshasema mara ngapi.

Hamisi, 12:37
Mjomba banda lenyewe mpaka leo halijaezekwa

Mjomba Athumani, 12:40
Hela ya bati mlisema mtachanga. 2019 hiyo.

Mama Ayman, 12:41
Mimi yangu nilituma

Da Mwanaisha, 12:41
Tusifike huko jamani. MAPERA.

Mwajuma (niko na Bibi), 13:22
Nimemsomea Bibi yote. Kasema niandike hivi: Mpera nilipanda mwenyewe, mwaka niliomzaa mama yake Zuhura. Athumani uliukata mimi sipo. Nilinyamaza. Leo mjukuu wangu hana damu, mnabishana bati. Kisiki kimechipua, nakimwagia maji kila jioni. Mtu asikiguse. Mapera yapo kwa jirani, Athumani akayaombe yeye mwenyewe.

Mjomba Athumani, 14:50
Nimekusikia mama. Jioni nitapita.

Da Mwanaisha, 14:51
Shikamoo Bibi. Ahsante mjomba. Tia kwenye tenga, kwenye ndoo yatapondeka. Changanya yaliyoiva na yanayokaribia, yasiharibike yote siku moja. Ukipata yaliyo mekundu ndani ni bora, Zuhura anayapenda. Basi la Jumamosi. Nani anapokea stendi ya Mbezi?

Hamisi, 16:02
Jumamosi nina harusi

Juma Arusha, 19:20
Kwani Zuhura ana nini? Sikusoma juu

Da Mwanaisha, 19:21
Juma panda juu usome. Mbezi nani?

Zuhura, 19:44
Nitaenda mwenyewe

Da Mwanaisha, 19:44
Wewe hunyanyui tenga. Nauliza tena, nani?

Mama Ayman, 21:10
Labda mimi, nikitoka kazini mapema. Nitawaambia Ijumaa