Sosholojia na anthropolojia: serikali ikopeshe au isikopeshe?

Mleta mada: Wadau, mdogo wangu kachaguliwa kusoma sosholojia na anthropolojia, yaani masomo ya jamii na mila za watu, pale Chuo Kikuu Mlimani. Mzee anataka abadili, aende ualimu wa fizikia, eti ndiko kwenye mkopo na ajira. Je, kodi zetu zisomeshe kozi kama hii?

Tegeta1: Zisisomeshe. Hiyo ni kozi ya watoto wa wenye nazo.

Binti Manzese: Wenye nazo wepi? Mama yangu ni mama ntilie, na kozi hiyo nimeisoma kwa bumu, mkopo wa serikali. Leo niko kwenye utafiti wa chanjo, nakaa na akina mama vijijini hadi waseme wanachoogopa. Ebola ya 2014 kule Guinea na Sierra Leone, watu walificha maiti mpaka madaktari walipowasikiliza wanaanthropolojia na mazishi yakafanywa kwa heshima. Usinisemee, kaka.

Mzee wa Pasiansi: Dada, punguza hasira. Somo hilo lilimtumikia mkoloni. Tanganyika kulikuwa na Hans Cory, mtu wa serikali kabisa, kazi yake kuandika mila zetu Wasukuma na za Wahaya ili tutawalike.

Tegeta1: Umenena mzee. Mashushushu wale.

Kamau wa Thika: Na Kenyatta alikuwa shushushu? Alisoma hiyohiyo Oxford.

Binti Manzese: Ni London School of Economics, kwa mwanaanthropolojia Malinowski. Kitabu cha Kenyatta cha 1938 kiliwatetea Wakikuyu na ardhi yao. Na Mondlane wa Msumbiji alifundisha anthropolojia Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kabla ya kuja Dar kuongoza FRELIMO, chama cha ukombozi.

Mzee wa Pasiansi: Cory nilimtaja kwa ubaya, lakini haki yake nimpe: bila maandishi yale mahakama zingehukumu mila kwa kubahatisha.

Mama Koku: Mzee, hapo umenichoma. Mila zikishaandikwa hazibadiliki tena! Tangazo la 1963, lililofanya mila kuwa sheria, linasema mjane hana fungu katika mali ya mumewe kama marehemu ameacha ndugu. Mume wangu alipofariki, shemeji walinisomea hilo nikiwa bado na kaniki ya msiba.

Mzee wa Pasiansi: Pole mama. Ila mjane hatupwi, hutunzwa na wanawe.

Mama Koku: Na asiye na mwana?

Kamau wa Thika: Kwani hiyo sheria bado ipo?

Mama Koku: Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliiambia Tanzania mwaka 2015 iibadilishe. Mzee, nijibu. Asiye na mwana aende wapi?