Msaada: Mashine pepe ya Ubuntu ndani ya VirtualBox haipati intaneti, ilhali kompyuta yenyewe inapata

Mwanagenzi_Seva (mleta mada):
Habari zenu wanajukwaa. Ninasoma mwaka wa pili wa teknolojia ya habari, na nimepewa kazi ya kusimika seva ya tovuti ndani ya mashine pepe, kazi ambayo natakiwa kuionyesha Jumatatu. Kompyuta yangu ni ya Windows 11, nimeweka VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi), na ndani yake nimesimika Ubuntu Server 22.04. Nilipokuwa maabara, ambako tunachomeka waya wa mtandao, kila kitu kilikwenda vizuri. Tangu nirudi chumbani, ambako natumia hotspoti ya simu, Windows inafungua kurasa bila shida lakini mashine pepe imekatika kabisa: nikiandika sudo apt update (amri ya kusasisha orodha ya vifurushi) inaganda kwenye asilimia sifuri mpaka inakata tamaa yenyewe. Nimezima na kuwasha simu, nimezima fayawoli ya Windows, na kwenye mipangilio ya "Bridged Adapter" nimebadilisha kadi ya waya nikaweka ya Wi-Fi, lakini hali ni ile ile. Naomba mnisaidie, maana sijui hata pa kuanzia.

Jiwe_la_Kona:
Futa mashine yote usimike upya, mkuu. Nusu saa tu umemaliza. Mimi ndivyo ninavyofanya siku zote.

FundiWaya:
Kwa heshima zote, mkuu Jiwe_la_Kona, ushauri huo utamfanya apoteze kazi yake yote, tena kwa kosa ambalo huenda likawa la mstari mmoja. Mleta mada, kwanza washa tena hiyo fayawoli, kwa sababu haihusiki. Kisha usibadilishe kitu kingine chochote. Tuiulize mashine yenyewe. Ukiwa ndani ya Ubuntu andika ip addr, halafu ip route, utuletee unachokiona. Vilevile fungua dirisha la amri la Windows, andika ipconfig, na utuambie anwani iliyopewa kadi ya Wi-Fi.

Mwanagenzi_Seva:
Ahsante, mkuu. Ndani ya Ubuntu, kadi enp0s3 inaonyesha 192.168.1.50/24, na ip route inasema njia ya kutokea ni 192.168.1.1. Nikiijaribu hiyo 192.168.1.1 kwa ping (amri ya kuuliza kama kifaa kinajibu) napata "Destination Host Unreachable". Upande wa Windows, kadi ya Wi-Fi ina 192.168.43.117.

FundiWaya:
Basi kosa limejionyesha lenyewe. Simu yako inagawa anwani zinazoanzia na 192.168.43, lakini mashine pepe bado imeshikilia anwani ya maabara, 192.168.1.50, na inamtafuta mlinda lango (kifaa cha kutokea nje ya mtandao) aliyebaki chuoni. Nina hakika mlielekezwa kuandika anwani ya kudumu ili seva za darasa zima zionane bila kugongana namba. Kwa maabara huo ni utaratibu mzuri, ila haufai kusafiri nao.

Jambo la pili ni hiyo "Bridged Adapter". Chaguo hilo huifanya mashine pepe ionekane mtandaoni kama kompyuta kamili inayojitegemea, yenye anwani yake ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao). Kwenye waya halina tatizo. Kwenye Wi-Fi, kituo cha kurushia mawimbi, ambacho kwako ni simu, hukitambua kifaa kilichojiunga tu, na MAC ya pili inayojitokeza nyuma ya kifaa hicho haikubaliki. VirtualBox hujaribu kulikwepa hilo kwa kubadilisha MAC njiani, lakini ujanja huo haufanikiwi kwa kila kadi wala kila kituo. Kwa hiyo, ukiwa chumbani, zima mashine, ingia kwenye mipangilio yake, upande wa mtandao, na uchague "NAT". Hapo trafiki yote itatoka kwa jina la Windows, na simu haitajua kabisa kwamba kuna kompyuta ya pili ndani.

Ukishawasha, nakili kwanza faili la zamani ulipeleke nje ya folda ya /etc/netplan, inayotunza mipangilio ya mtandao ya Ubuntu, kwa sababu kila faili la .yaml linaloachwa humo husomwa. Kisha lihariri lililobaki liwe hivi tu, ili mashine ipewe anwani yenyewe (DHCP):

network:
  version: 2
  ethernets:
    enp0s3:
      dhcp4: true

Nafasi za mwanzo wa mstari ziweke kwa kitufe cha nafasi, usitumie Tab, kwa maana netplan haivumilii Tab hata moja. Malizia na sudo netplan apply.

Mwanagenzi_Seva:
Nimefanya hivyo. Faili lilikuwa 00-installer-config.yaml, na la zamani nimelihifadhi ndani ya /root. Sasa anwani imekuwa 10.0.2.15, na ping 8.8.8.8 inajibu! Lakini apt update bado inagoma, safari hii inaandika "Temporary failure resolving". Je, nimekosea mahali?

MamaSeva:
Hujakosea, mwanangu, umevuka mto mmoja umekuta mwingine. Hiyo 10.0.2.15 ndiyo anwani ya kawaida ambayo NAT ya VirtualBox huipa kadi ya kwanza, na lango lake ni 10.0.2.2. Kwa kuwa 8.8.8.8 inajibu, njia ipo. Kinachokosekana ni wa kutafsiri majina kuwa namba. Andika ls -l /etc/resolv.conf. Ubuntu inapotoka kiwandani, hicho ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye faili linalotunzwa na systemd-resolved, huduma ya kutafsiri majina. Ukiona ni faili la kawaida, basi kuna mtu aliliandika kwa mkono.

Mwanagenzi_Seva:
Ni faili la kawaida, mama, na ndani yake kuna mstari mmoja: nameserver 192.168.1.1. Nimekumbuka sasa, niliuandika mwenyewe maabara baada ya kuona mwenzangu anafanya hivyo.

MamaSeva:
Basi rudisha kiungo kwa amri hii:

sudo ln -sf /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf

Kisha jaribu ping kwa jina, si kwa namba. Na kabla hujaanza kupakua vifurushi, ifanye hotspoti kuwa mtandao wa kulipia kwa kipimo ("metered connection") kwenye mipangilio ya Windows, la sivyo Windows nayo itaanza masasisho yake nyuma ya pazia na bando lote litaondoka.

Mwanagenzi_Seva:
Imekubali! Apt imesoma orodha yote na Nginx (programu ya seva ya tovuti) imeanza kufanya kazi. Nimebakiwa na swali moja: kutoka Windows siwezi kuifungua tovuti kwa 10.0.2.15. Kivinjari kinazunguka tu.

FundiWaya:
Ndivyo NAT ilivyo: inaruhusu kutoka, hairuhusu kuingia mpaka umefungua mlango. Kwenye mipangilio ya NAT kuna kitufe cha "Port Forwarding". Weka kanuni mbili: lango la huduma (port) 8080 la Windows liende 80 la Ubuntu, na 2222 liende 22. Tovuti utaifungua kwa http://127.0.0.1:8080, na SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa amri kutoka kompyuta nyingine) utaingia kwa ssh -p 2222 ukifuatisha jina lako na @127.0.0.1.

Jumatatu ukifika maabara, rudisha "Bridged Adapter", chagua kadi ya waya, rudisha lile faili la /root mahali pake kisha netplan apply. Hakikisha faili hilo lina sehemu ya nameservers yenye 192.168.1.1, ili usishawishike tena kugusa resolv.conf.

Mwanagenzi_Seva:
Ukurasa wa Nginx umefunguka kwenye 8080. Nimelikagua faili la zamani, sehemu ya nameservers haikuwemo, na nimeiongeza. Amri za Jumatatu nimeziandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya mfuniko wa kompyuta.