Altitude, elevation na height: lipi litumike wapi mlimani?

Mwanafunzi wa uongozaji, Moshi
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Katika maelezo ya Kiingereza ninayowaandalia wageni nimekutana na "height", "elevation" na "altitude", yote yakihusu kuwa juu. Je, ninapotaja mita 5,895 za Kilele cha Uhuru, ncha ya Kilimanjaro, niandike lipi?

Mwalimu wa Kiingereza, Arusha
Marahaba. Andika "elevation", kwa sababu hicho ni kimo cha ardhi yenyewe kutoka usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) una "elevation", ilhali ndege inayopita juu yake ina "altitude", kwani imo hewani. "Height" kwa kawaida hupimwa kutoka kitako cha kitu hadi ncha yake, na kwa kipimo hicho Kilimanjaro, unaosimama peke yake, unainuka takriban mita 4,900 kutoka tambarare zinazouzunguka. Wengi huandika "height" hata kwa zile 5,895, wala si kosa, mradi utaje kuwa umeanzia baharini.

Mwongozaji, Marangu
Mwalimu amesema vyema, lakini kwetu wapandaji "altitude" lina kazi nyingine ambayo mdogo wangu lazima aijue kabla ya hayo yote. Maradhi ya kupanda juu haraka huitwa "altitude sickness", ingawa mgonjwa amesimama ardhini, na kamwe hutasikia "elevation sickness". Kinachomdhuru ni hewa: kadiri anavyopanda, mgandamizo wake hupungua, hata kileleni ukawa karibu nusu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi humpa oksijeni kidogo, japokuwa sehemu ya oksijeni katika hewa hubaki ileile, takriban asilimia 21. Mgeni akilalamika kichwa kinauma na chakula hakipiti, usimwache aseme ni uchovu tu.

Kuna pia "elevation gain", yaani mita zilizopandwa. Kutoka kambi ya Mandara, mita 2,720, hadi kambi ya Horombo, mita 3,720, katika njia ya Marangu, ni mita 1,000.

Mwanafunzi wa uongozaji, Moshi
Asanteni sana. Na mgeni anayepanda mchana ili azoee, kisha akarudi kulala Horombo?

Mwongozaji, Marangu
Mwandikie vipimo viwili: mahali pa juu alipofika, na "sleeping altitude", yaani kimo alicholala. Hicho cha pili ndicho ninachokiangalia kwanza ninapopanga safari ya kesho yake.