Sosholojia digrii ya kwanza, mlioisoma nisaidieni

Wakuu habari, nimemaliza fomu siksi HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) nimechaguliwa Sosholojia, yaani elimu ya jamii, miaka 3, mzee wangu hataki kabisa anasema kozi haina ajira, ni kweli?

— Dogo soma. Utakutana na Durkheim, Mfaransa aliyeonyesha mwaka 1897 kwamba viwango vya kujiua vinaendana na mshikamano wa jamii, siyo huzuni ya mtu tu, hapo ndo utaipenda. Ila takwimu usizikimbie, SPSS (programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu) anza nayo mapema maana miradi inataka watu wa kuchambua data.

— Mwambie mzee halmashauri zinaajiri maafisa maendeleo ya jamii. Na fildi nenda kakae na wamama wa vikoba uone mkopo unavyojadiliwa, nani anaaminiwa nani hapana, utaelewa kuliko hendiauti.