Naomba ushauri: ramani ya zamani na picha za droni hazikai sawa, kusini mwa Masaka, Uganda

Ndugu wapimaji, naombeni msaada. Nina picha za droni za shamba la migomba, zilizopigwa kutoka mita 100, zikifunikana asilimia 80 mbele na 70 pembeni. Alama za ardhini ni sita, zimepimwa kwa GNSS (kipokezi cha satelaiti), na kosa la mlalo ni sentimita 4. Hapo sina shaka.

Taabu inaanza nikiziweka picha juu ya ramani ya zamani iliyoskaniwa. Ramani ile ni ya Arc 1960, msingi wa zamani wa kuhesabia majira ya mahali, picha ni WGS 84, msingi unaotumiwa na satelaiti, na bila kubadilisha msingi tofauti ni kama mita 300, sehemu kubwa kaskazini-kusini. Nimebadilisha kwa vigezo vitatu (kusogeza tu kwenye mihimili mitatu), lakini zimebaki mita 8. Kanda ya UTM (mgawanyo wa dunia kwa kanda za ramani) nimehakikisha ni 36 kusini, maana tuko kusini mwa ikweta. Anayechagua 36 kaskazini kwa eneo hili hupata namba hasi za kaskazini.

Je, hizo mita 8 ni za vigezo, ambavyo ni wastani wa eneo kubwa, au karatasi ilijikunja? Nikipata mawe manne ya mpaka yaliyo pia kwenye ramani, nisogeze ramani tu au niizungushe na kubadilisha skeli yake pia?

La pili: mulamula, mmea unaopandwa kuonyesha mpaka, umefunikwa na majani ya migomba, na majani yakitikiswa na upepo programu inakosa pointi za kulinganisha. Nirushe alfajiri upepo ukiwa umetulia, au mpaka huo upimwe kwa miguu tu? Majirani wanasubiri mstari huu, sitaki kuwachorea kwa kukisia.